Sauti za Wapambe na Mkate wa Mkaa

Ukiingia sokoni Tabora asubuhi, sauti ya Wenceslaus utaisikia, lakini mwenyewe huenda usimwone. Imo ndani ya spika nyekundu iliyofungwa kwa kamba kwenye meza ya muuza dawa za wadudu, inajirudia kutwa nzima: "Dawa ya mende, dawa ya panya, dawa ya kunguni! Mende akinusa tu, anaaga kwao!" Watoto wa mtaa wa Cheyo huiigiza wakienda shule. Hawajui kwamba mwenye sauti ni yule mzee mwembamba mwenye kofia ya pama anayepita pale akikokota baiskeli, ambaye akiifikia ile spika huinamisha kichwa na kuongeza mwendo, kama mtu aliyepishana na shemeji waliyekosana naye.

Wanaojua ni watu wazima. Fundi cherehani mmoja pale barazani, mwenye mvi zake tayari, kila akimwona hunyanyua mguu kutoka kwenye pedeli.

"Shikamoo Mzee Wense! Yule dereva alipona?"

"Marahaba. Alipona, anawasalimu."

Wanacheka wote wawili, na fundi anarudi kwenye kazi yake. Mpita njia atadhani wanamzungumzia jirani aliyepata ajali. Hawamzungumzii jirani.

Wenceslaus alizaliwa Itetemia, wakati Itetemia ikiwa mashamba tu ya mihogo na viazi, katika nyumba ya wakulima Wakatoliki. Bibi yake mzaa baba alikuwa na kawaida ya kuwasimulia wajukuu wakimenya karanga, na hadithi zake nyingi zilimhusu babu yake mwenyewe, aliyekuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, huku huku Tabora, mpaka pwani, akarudi na mafurushi ya vitambaa na shanga. Katika hadithi za bibi, tajiri wa msafara hakuwa na jina. Aliitwa "huyo mwenye mali" basi. Wenye majina walikuwa wengine: aliyepika ugali wa msafara mzima, aliyejua maji yanapatikana wapi, aliyebaki nyuma na mgonjwa mpaka mgonjwa akaweza kusimama. Wenceslaus alipoanza kusoma historia shuleni, alifungua kitabu akatafuta jina la yule babu, hakuliona, wala la mpishi. Akamuuliza bibi sababu.

"Kitabuni nafasi ni ndogo," bibi alisema, akaendelea kumenya karanga.

Alisoma seminari ndogo kwa muda, akarudishwa nyumbani na homa ambayo haikutaka kuisha. Alichorudi nacho ni Kiingereza cha kuokoteza na sauti iliyozoea kuimba misa. Homa ilipokwisha, shule nayo ilikuwa imekwisha. Akawa anapeleka mjini michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani, magunia mawili nyuma ya baiskeli, na mvua ndiyo iliyomwingiza katika kazi ya maisha yake.

Ilimkuta karibu na duka la vipuri vya baiskeli la Vishal, Mhindi kijana aliyerithi duka kwa baba yake. Nyuma ya duka Vishal alikuwa ameezeka banda la mabati, akapanga mabenchi, akaweka televisheni juu ya kabati na deki ya kanda chini yake. Hilo lilikuwa banda la video la kwanza upande ule. Wenceslaus aliingia kujikinga mvua. Ndani palikuwa pamejaa, na watu walikuwa wananung'unika, kwani mtafsiri hakuja na filamu ilikuwa ya Kiingereza. Steringi, shujaa mwenyewe, alikuwa anaruka juu ya maghorofa amevaa kinyago.

"Anamwambia nini?" mtu mmoja aliuliza gizani.

Wenceslaus, bado ananyeshewa na maji ya nywele zake mwenyewe, alijibu kutoka mlangoni, "Anamwambia mama usiku mwema, chakula kipo kwenye jiko."

Mabenchi yote yakageuka. Vishal alikuja na kipaza sauti, akamwekea mkononi bila kumuuliza jina.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaelewa nusu ya maneno. Nusu nyingine aliijaza mwenyewe, na hapo ndipo ulipokuwa utamu wake. Watafsiri wa mabanda mengine walihangaika na steringi na adui: ngumi, risasi, vitisho. Wenceslaus aliona steringi hana mengi ya kusema. Anakunja uso, anaruka, anapiga. Macho yake yeye yaliwafuata wapambe, wale watu wa pembeni: mzee anayeendesha gari, mpishi anayebaki jikoni, fundi anayeshona joho la shujaa linapochanika, jirani anayejua siri na hasemi. Akaanza kuwapa makwao. Dereva akampa jina la Jilala, akasema ametoka Sikonge, ana mizinga yake ya nyuki, na kazi hii ya mjini anaifanya mpaka asali ikomae. Fundi wa joho akawa mtu wa Cheyo anayedaiwa harusi na wakwe. Filamu ikibadilika, kinyago kikibadilika, Jilala alikuwa ni yuleyule, katika sura ya Mzungu, ya Mchina, ya yeyote aliyeshika usukani.

Siku moja katika filamu dereva alipigwa risasi. Wapambe ndiyo desturi yao. Steringi hafi, sasa lazima afe mtu. Mzee wa watu alilala kifuani kwa shujaa, damu inatoka mdomoni, akasema maneno machache na kufumba macho. Wenceslaus aliona mama mmoja wa benchi la mbele amejifunika kanga usoni, na ulimi wake ukagoma kusema neno "amekufa."

"Amezimia," alisema kwenye kipaza sauti. "Wanamkimbiza hospitali. Anasema mwangalieni nyuki wangu."

Kesho yake asubuhi akina mama watatu wa sokoni walisimama mbele ya duka la Vishal na vikapu vyao.

"Tumekuja kuuliza hali ya mgonjwa," mmoja alisema.

Vishal alimtazama Wenceslaus. Wenceslaus alikohoa. "Anaendelea vizuri. Amekunywa uji."

Tangu hapo banda la Vishal likawa banda la wanawake vilevile. Vijana waliokuja kwa ajili ya ngumi walilalamika kidogo, kisha wakaanza wao wenyewe kupiga kelele: "Wense, tuambie habari za jikoni!"

Nje ya banda, karibu na mlango, alikaa msichana mmoja akiuza mkaa kwa makopo. Jina lake Advera. Baba yake alikuwa mchoma mkaa porini Sikonge, na magunia yake yalikuja mjini juu ya baiskeli za watu. Advera aliusikiliza mchezo wote kupitia mabati. Alikuwa na mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na akimpa mtu chenji alizoea kuiweka juu ya gunia badala ya kumwekea kiganjani, maana wengine walikunja uso. Jioni moja Wenceslaus alipotoka kupunga hewa, yule msichana alimwita.

"Kaka, wanaume wako wazuri. Wanawake wako wanalia kama mbuzi."

"Nifanyeje na mimi ni mwanamume?"

"Mwanamke akikasirika hapandishi sauti hivyo. Anaishusha."

"Ishushe nisikie."

Advera aliishusha. Alisema neno moja tu, jina lake, "Wenceslaus," lote na silabi zake, na Wenceslaus alijikuta anataka kuomba msamaha kwa jambo ambalo hakulijua. Wiki ileile kukawa na vipaza sauti viwili. Advera alinawa mikono kwenye ndoo kabla ya kuingia, akasimama upande wa pili wa kabati, na wapishi wote, mashangazi wote, wauguzi na majirani wa filamu za dunia nzima wakapata sauti ya msichana wa Sikonge.

Jinsi walivyooana, Cheyo nzima ni shahidi. Filamu ilikuwa imefika pazuri. Steringi yuko juu ya paa anapigana na adui, radi inapiga, lakini kamera ilishuka kidogo jikoni, ambako dereva na mpishi walikuwa wamekaa wakisubiri. Katika filamu yenyewe walitazamana tu. Wenceslaus akasema, kwa sauti ya Jilala:

"Mama, humu jikoni kwako kuna joto, lakini sioni sababu ya kutoka."

Mpishi, upande wa pili wa kabati, akajibu, "Hujatoka kwa sababu hujala. Ukishiba utatoka."

"Na nikishiba nisitoke?"

"Basi utamweleza baba yangu unakaa jikoni kwangu kwa kazi gani."

"Baba yako anapatikana wapi?"

"Sikonge, ndani kabisa, anachoma mkaa. Na ukienda usimchukue huyo bosi wako mwenye kinyago. Atatisha ng'ombe."

Watu walicheka mpaka mabati yakatikisika. Juu ya paa adui alianguka akafa, hakuna aliyemwona. Vishal alisogea akaisimamisha deki, akamgeukia mtafsiri wake.

"Wense. Anauliza Jilala au unauliza wewe?"

"Mimi," alisema Wenceslaus, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, walisikia mpaka wa barabarani.

Miaka iliyofuata ndiyo ambayo Wenceslaus anaikumbuka akiwa amekaa peke yake. Harufu ya karanga za kukaanga na ya jasho, mvua juu ya mabati ikishindana na kipaza sauti, kanda ikikwama na watu wote wakipiga miluzi. Advera ana mimba ya mtoto wao Justus, amesimama na mkono kiunoni, anamkaripia steringi kwa niaba ya mama yake. Hetvi, binti mdogo wa Vishal, amelala juu ya turubai iliyokunjwa pembeni ya deki, risasi zinalia juu yake na yeye hata kope hazimtikisiki. Hawakujua kwamba hizo ndizo siku zenyewe. Walidhani ni kazi.

Mambo hayakuvunjika kwa kishindo. Watu walinunua televisheni zao. Zikaja filamu zilizokwisha kutafsiriwa Dar es Salaam, na mtafsiri wake ana maneno ya mjini na haraka nyingi. Zikaja simu, kila mtu na filamu yake kiganjani. Alasiri moja waliwatafsiria watu wanne, mmoja wao amelala. Vishal aliyatoa mabenchi, akajaza matairi ya baiskeli. Wenceslaus akaanza kurekodi matangazo ya misiba, ya mikutano, na hayo ya mende. Advera aliendelea na mkaa wake mpaka daktari alipomwambia ana shinikizo la damu, akampa vidonge vya kunywa kila asubuhi maisha yake yote na kumkataza kunyanyua magunia. Justus alikwishahamia Kahama. Nyumba ikawa ya watu wawili wanaojuana sauti.

Hetvi alirudi kutoka Dar es Salaam baba yake alipoanza kusikia kwa shida na kukosea bei. Alikuwa mwanamke kamili sasa, miwani usoni, simu haikai mfukoni. Aliyatoa matairi, akapaka kuta rangi, akaweka meza na friji la vioo, pakawa mgahawa. Siku ya ufunguzi watu wa Cheyo walijazana mlangoni wakatazama vile vilivyokuwa ndani ya vioo, wakatazamana. Mkate mweusi. Keki nyeusi. Aiskrimu nyeusi tii kama lami. Ukutani alichoresha shujaa wa kinyago cheusi, joho limepeperuka, ameshika koni ya aiskrimu.

"Umeweka nini humu, binti?" fundi cherehani aliuliza.

"Mkaa," alisema Hetvi. "Ni unga maalumu, wa vifuu vya nazi, unachomwa kwa namna yake mpaka unakuwa safi. Dar wanaula sana. Na mashujaa wa filamu si wanavaa nyeusi? Vijana wanapenda."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka barabara ya pili. "Mkaa! Magunia tunayo mlangoni, yeye analeta kopo kutoka Dar!" Vishal mwenyewe, kwenye kiti chake kando ya mlango, alikataa kuonja. "Mimi nauza vipuri miaka yote," alisema, "hujaniona nakula hata kimoja."

Lakini vijana walikuja. Walikula aiskrimu, wakatoa ndimi nyeusi, wakapigana picha. Na aliyeupenda mkate ule kuliko wote alikuwa Advera.

Wenceslaus alimpeleka siku moja kumsalimu Hetvi. Hetvi aliacha kila kitu akaja kumshika mikono yote miwili. "Shangazi Advera! Shikamoo!" Akamkalisha meza ya mbele, akamletea kipande cha mkate mweusi juu ya sahani nyeupe, na uma pembeni. Advera aliutazama kwa muda. Aliuinua, akaunusa, akaugeuza.

"Baba Justus," alisema taratibu, "unaona walipouweka? Kwenye sahani."

"Naona."

"Mimi watu walikuwa hawanishiki mkono."

Alikula mpaka mwisho, akaokota na makombo kwa kidole. Hetvi alisema maadamu yeye yupo, shangazi hatakosa mkate. Kila jioni akatuma kipande kilichofungwa kwenye karatasi, na kila asubuhi Advera alikula mkate wake mweusi kwa chai, akanywa na vidonge vyake palepale, kwa furaha ambayo Wenceslaus hakuwa ameiona usoni mwake tangu banda lifungwe. Alikuwa akimhadithia matanuri ya baba yake: udongo juu, moshi wa bluu ukitoka pembeni, wao watoto wakilala zamu kulinda moto usipasue udongo. Mama yake alikuwa akimpa kipande cha mkaa atafune akiumwa tumbo. "Kumbe tulikuwa watu wa kisasa," alisema, na kucheka.

Katika siku hizo hizo Hetvi alimwambia Wenceslaus lililokuwa moyoni mwake. Alitaka kutundika shuka kubwa jeupe ukutani, aazime mashine ya kurushia picha, aonyeshe filamu Jumamosi alasiri. "Na wewe utafsiri, mjomba. Kama zamani. Wewe na shangazi."

"Siku hizi watu wanajua Kiingereza."

"Mimi nakijua," alisema Hetvi, "na bado sijawahi kuielewa filamu kama nilivyozielewa nikiwa juu ya lile turubai."

Wakaanza mazoezi nyumbani, wakigombea nani atamsemea nani. Hawakufika mbali. Asubuhi moja Advera aliamka kichwa kinamgonga, akasimama, akashika ukuta. Damu ikamtoka puani ikadondoka kwenye kanga. Wenceslaus alimpakia kwenye bajaji ya jirani, akamkumbatia njia nzima, na hakuweza kusema neno lolote kwa sauti ya mtu yeyote.

Zahanati walimpima, muuguzi aliyeitwa Theodora akatazama kipimo, akapima tena.

"Mama, dawa unakunywa?"

"Sijaruka hata siku moja. Muulize huyu."

"Hajaruka," alisema Wenceslaus.

Theodora alifikiri. Aliuliza kuhusu chumvi, kuhusu usingizi, kuhusu dawa za miti shamba. Mwishowe akauliza asubuhi anakula nini, na Advera, hata katika hali ile, akajibu kwa fahari kidogo, "Mkate wa mkaa."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Unakunywa na dawa papo hapo?"

"Kwa chai."

"Mama, mkaa kama huo sisi tunampa mtu aliyekunywa sumu, akiwahishwa. Unanasa kilichoko tumboni kabla hakijaingia mwilini. Sasa wenyewe hauna macho. Haujui hii ni sumu, hii ni dawa. Ukila pamoja na vidonge, inawezekana kabisa vidonge vinanaswa humo vinatoka nao. Daktari atakuangalia zaidi, lakini huo mkate uache leo."

Walimlaza. Alipopata usingizi, Wenceslaus alitoka kuelekea kwa Hetvi, na njiani alikuwa anayapanga maneno. Yalikuja kwa sauti ya adui, ile nzito ya kukwaruza ambayo siku za banda iliwafanya watoto wajifiche chini ya benchi. Aliingia nayo hivyo hivyo.

"Umemlisha mke wangu nini?"

Hetvi alikuwa anaosha trei. Aligeuka anatabasamu, tabasamu likaondoka. Wenceslaus alimweleza yote: damu, kipimo, alichosema muuguzi. Kabla hajamaliza, Hetvi alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, mikono ya sabuni imelegea mapajani.

"Ni mimi?" alisema. "Mjomba, ni mimi nimemfanya hivyo? Mimi nilikuwa namtumia kwa kumpenda."

Vishal, ambaye hakusikia maneno ila aliona sura, alinyanyuka kwenye kiti chake akaja akasimama katikati yao, mkono mmoja begani kwa binti yake, mwingine begani kwa Wenceslaus, anawatazama kwa zamu. Wenceslaus alitafuta ile sauti nzito, haikuwepo tena. Laiti angemkuta adui. Aliyemkuta ni mtoto wa juu ya turubai.

"Hukujua," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Na sisi hatukujua. Futa machozi, nenda ukamwone."

Hetvi alikwenda siku ileile. Alisimama miguuni pa kitanda na mfuko wa karatasi.

"Umekuja na mkate gani?" Advera aliuliza.

"Mweupe, shangazi."

"Basi weka hapo. Na uache kulia, unanipandisha presha."

"Nitavitupa vyote. Hata kile kinyago ukutani nitakifuta."

Advera alitikisa kichwa. "Usifute. Wewe waambie watu tu. Anayekunywa dawa asile. Asiyekunywa, ajue anakula nini, kisha aamue mwenyewe. Mkaa haujanikosea, nimekula nisichokijua." Akafumba macho. "Na yule mchoraji wako hajui kuchora mikono."

Wiki ile Hetvi aliandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, kando ya mlango: UNAKUNYWA DAWA? USILE VYEUSI. TUULIZE. Wapo waliocheka, wapo waliouliza. Mikate myeusi akaipunguza, akaanza kuoka ya kawaida na maandazi ya asali ya Sikonge, na ikawa hiyo ndiyo inayokwisha kwanza.

Presha ya Advera ilishuka polepole. Daktari alimruhusu kutembea, akamkataza makelele na kusimama muda mrefu, kwa hiyo kipaza sauti alikatazwa. Jumamosi ya filamu ilipofika, Wenceslaus alitaka iahirishwe. Advera alikuwa amekwisha kuvaa gauni lake la Pasaka.

"Wewe nenda kafanye kazi," alisema. "Mimi leo ni mtazamaji."

Mgahawa ulijaa. Vijana mbele, chini kwenye mikeka, na aiskrimu zao. Wakubwa kwenye viti nyuma. Advera aliwekewa kiti cha mikono cha Vishal mwenyewe, katikati. Wenceslaus alisimama kando ya shuka, mahali pake pa zamani, taa zikazimwa, steringi mwenye kinyago akaruka kutoka ghorofani.

Alianza vibaya. Ulimi ulikuwa mzito, tena vijana wale filamu walikwishaiona kwenye simu. "Mzee, hajasema hivyo!" mmoja alipaza sauti. Mwingine akamsahihisha kwa Kiingereza fasaha kabisa. Wenceslaus alishusha kipaza sauti. Katika miaka yake yote ya banda hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Picha ziliendelea zenyewe, steringi anafungua mdomo na kufunga.

"Nyie watoto," ilisikika sauti ya fundi cherehani kutoka nyuma, "yule wa kwenye simu mtamsikiliza nyumbani. Sisi tumekuja kumsikiliza huyu. Wense, huyo anayewasha gari si Jilala?"

Wenceslaus alitazama. Kwa kweli palikuwa na mtu mnene kwenye usukani.

"Ndiye," alisema. "Amenenepa. Asali mwaka huu ilikuwa nyingi."

Wazee walipiga makofi, vijana wakageuka kuona wanapiga makofi kwa lipi, na kuanzia hapo sauti ikamrudia. Alimpa Jilala wajukuu. Alimpa fundi wa kinyago maumivu ya mgongo. Vijana waliacha kusahihisha, mmoja aliyekuwa amesahihisha sana akauliza, "Sasa huyo Jilala mke wake yuko wapi?"

Na hapo picha ikaingia jikoni, na mpishi alikuwa amesimama, mwanamke mtu mzima, mkono kiunoni, anamngoja shujaa aliyechelewa. Wenceslaus alijua kwamba hapa atalia kama mbuzi na watu watacheka. Alivuta pumzi. Hakupandisha sauti, aliishusha. Alisema kama Advera anavyosema akiwa ameshika mfuniko wa sufuria, na yale mapumziko madogo anayoyaweka kabla ya neno la mwisho, na kile Kisikonge kinachobaki kwenye r zake.

"Umerudi. Nawa mikono... kwanza. Habari za huko juu utanieleza... baadaye."

Hakuna aliyecheka. Katika mwanga wa shuka Wenceslaus alimwona mke wake. Miaka yote ile Advera alikuwa amesimama ubavuni mwa televisheni, anaziona picha kwa upande, shingo imepinda. Hii ilikuwa mara ya kwanza kukaa mbele na kuitazama filamu usoni. Alikuwa ameinama mbele, viganja kwenye mashavu, anamsikiliza yule mpishi kama mtu anayesikiliza habari za kwao.

Watu walipotawanyika, Hetvi alikuwa anakunja mikeka na Vishal amesinzia kwenye benchi. Wenceslaus alimpa mke wake mkono wakatoka.

"Ndivyo ninavyosema?" Advera aliuliza walipofika barabarani.

"Ndivyo."

Walitembea kidogo. "Sikujua," alisema. "Nilidhani nina sauti kavu."

Sasa Hetvi anaonyesha filamu Jumamosi moja kila mwezi. Advera, kwa ruhusa ya daktari, anasemea mhusika mmoja tu, akiwa amekaa, na humchagua mwenyewe baada ya kuzungusha macho kwenye picha yote; mara nyingi ni mtu ambaye hata jina hana. Yule kijana wa kusahihisha huwarekodi kwa simu na kuwatumia rafiki zake. Rekodi moja ilifika Kahama kwa Justus, aliyekuwa anajificha utotoni kwa aibu ya kuitwa mtoto wa wapambe. Alipiga simu Jumapili baada ya misa, akaongea na baba yake habari za mvua na za bei ya mpunga.

"Baba," alisema mwishowe, "nina watoto hapa wanabishana. Wanataka kujua yule shangazi wa kwenye duka la maua, anayesemewa na mama, aliyempa shujaa funguo, baadaye aliolewa?"

Wenceslaus alishusha simu akamuuliza Advera, aliyekuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Bado," alisema Advera bila kuinua macho. "Waambie posa imekuja, anaifikiria."